Treki, Silinda, Bloki au Rekodi: Kipimo Kipi Kitumike Kuomba Nafasi ya Diski kwenye z/OS

Katika orodha ya mafaili ya ISPF, yaani skrini za menyu za z/OS, chaguo la 3.4, kuna safu tatu ambazo msimamizi wa hifadhi huzitazama kabla ya kitu kingine chochote: idadi ya treki zilizotengwa, asilimia iliyotumika, na idadi ya vipande ambavyo faili limegawanyika. Faili la kazi ya usiku lenye rekodi 1,000,000, kila rekodi ikiwa na baiti 80, linapoonekana hapo na treki 12,821, asilimia 11 na kipande 1, aliyeliomba hushangaa, kwa sababu kwa hesabu yake baiti 80,000,000 hazifiki hata silinda 100, na hapa amepewa silinda 855, yaani zaidi ya robo ya volyumu (diski moja) nzima ya aina ya 3390-3. Mfumo haujakosea. Umetoa kile kile ulichoombwa, ila umeombwa kwa kipimo ambacho mwombaji alidhani kina maana nyingine.

Kigezo cha SPACE katika JCL, lugha ya kuelekeza kazi za z/OS, kinakubali vipimo vinne: treki, silinda, bloki (fungu la rekodi linaloandikwa kwenye diski kwa pamoja) na rekodi. Wengi hutumia kile walichokikuta kwenye JCL ya mtangulizi wao, na faili linapotokea kuwa kubwa au dogo kuliko ilivyotarajiwa huanza kuutilia shaka mfumo wa hifadhi wenyewe. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya maajabu haya huisha pale mtu anapochagua kipimo kwa kujua kila kimoja kinageuzwaje kuwa treki, maana mwisho wa yote mfumo hauna njia ya kutenga nusu ya treki.

Tuanze na diski yenyewe. IBM ilitangaza diski za 3390 mwaka 1989, na ingawa hifadhi za leo hazina tena sahani za aina hiyo, bado huiga umbile lake: treki moja hubeba hadi baiti 56,664, treki 15 hufanya silinda moja, na silinda moja hivyo hubeba baiti 849,960. Takwimu hizo ni za treki iliyojazwa kwa bloki moja tu. Kila bloki inayoongezwa huja na gharama yake ya nafasi, hata pale bloki yenyewe inapokuwa ndogo, na hapo ndipo hesabu ya kugawanya baiti kwa baiti inapoharibika. Rekodi za baiti 80 zisipounganishwa katika bloki kubwa, yaani kila rekodi ikawa bloki yake, treki moja hubeba 78 tu. Zikiunganishwa katika bloki za baiti 27,920, ambazo ni karibu nusu ya treki, bloki mbili huingia na treki hubeba rekodi 698. Data ni ile ile, ila nafasi inatofautiana karibu mara tisa. Katikati kuna JCL za kale zenye BLKSIZE=23440, saizi ya bloki iliyokuwa nzuri kwa diski za 3380 ambazo treki yake ilikuwa na baiti 47,476; kwenye 3390 bado bloki mbili huingia, lakini rekodi ni 586 kwa treki, na faili letu ambalo lingetosha kwenye treki 1,433 linahitaji 1,707 bila yeyote kuona kosa lolote. Dawa ya yote haya ni kuandika BLKSIZE=0 au kutoiandika kabisa, ili mfumo uchague saizi inayoifaa diski iliyopo.

Sasa vipimo vyenyewe. Treki ndiyo kipimo cha wazi kuliko vyote, kwa sababu anayeomba treki 20 hupewa treki 20, na akitaka ziada irudishwe, hurudishwa hadi mpaka wa treki ya mwisho iliyotumika. Kinafaa mafaili madogo: maktaba za vigezo, faili la JCL la kikundi kimoja, ripoti fupi. Kasoro yake ni kwamba mwombaji analazimika kujua saizi ya bloki na kupiga hesabu mwenyewe, na hesabu hiyo hubaki ilivyo hata siku rekodi zitakapoongezwa urefu. Jambo la kukumbuka kwa maktaba za zamani za PDS ni kwamba bloki za saraka, kila moja ya baiti 256, hukatwa kutoka katika kiasi hicho hicho cha kwanza kilichoombwa, kwa hiyo aliyeomba treki chache na saraka kubwa anaweza kujikuta na nafasi ndogo ya kuweka wanachama wa maktaba yake.

Silinda ni kama kununua kanga kwa jora. Ukihitaji nyingi, jora ni rahisi na hakuna anayehangaika na vipimo. Ukihitaji doti moja, umelipia kitambaa kitakachokaa kabatini. Faili lililoombwa kwa silinda halitengwi wala halirudishwi ila kwa silinda nzima, hivyo maktaba yenye treki 2 za data haiwezi kushuka chini ya treki 15. Hata hivyo, kwa mafaili makubwa yanayosomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa nafasi za muda za programu ya kupanga data, silinda ndicho kipimo ninachokipendekeza, kwa sababu upotevu wa treki chache mwishoni hauna uzito na mipaka ya silinda huifaa kazi ya kusoma mfululizo.

Tatizo jipya la silinda lilikuja na volyumu kubwa zinazoitwa EAV, zilizoanza na z/OS toleo la 1.10 mwaka 2008. Volyumu hizi zina silinda zaidi ya 65,520, na eneo lililo juu ya mpaka huo halitengwi kwa silinda moja moja bali kwa mafungu ya silinda 21. Kila volyumu ina kizingiti, ambacho kwa kawaida ni silinda 10: ombi linalofikia kizingiti au kukizidi hupendelea eneo la juu, na lililo chini yake hupendelea eneo la chini. Matokeo yake ni kwamba aliyeomba silinda 10 huona treki 315 badala ya 150, na aliyeomba silinda 22 huona silinda 42. Neno “hupendelea” lina uzito hapa, kwa maana eneo la chini likijaa, hata ombi la treki moja laweza kupelekwa juu na kurudi na treki 315. Nimewahi kuwaona watu wazima wakibishana kwa nusu siku juu ya namba hiyo, kila mmoja akimshuku mwenzake kuwa amebadilisha JCL, ilhali kugawanya 315 kwa 15 kungewapa jibu papo hapo. Treki zilizotengwa zikigawanyika kwa 315 bila baki, shuku EAV kabla ya kumshuku mtu. Asiyetaka faili lake liende juu huandika EATTR=NO; kwa mafaili yasiyo ya VSAM (njia ya z/OS ya kuhifadhi mafaili, mengine yakiwa na faharasa) hiyo ndiyo hali ya kawaida hata bila kuandikwa, ila klasi ya data, yaani kanuni zilizowekwa na msimamizi wa hifadhi, inaweza kuibadilisha, na kwa VSAM hali ya kawaida ni kuruhusu.

Bloki na rekodi lazima zitazamwe pamoja, kwa sababu huandikwa kwa namna moja na hutofautishwa na neno moja tu. Mstari huu ndio uliozaa treki 12,821 za mwanzo wa makala haya:

SPACE=(80,(1000000,100000),RLSE)

Mwandishi alimaanisha rekodi milioni moja za baiti 80. Mfumo ulisoma bloki milioni moja za baiti 80, ukagawanya kwa 78 zinazoingia kwenye treki, ukapata 12,821 na kuzitenga. Baadaye data ilipoandikwa katika bloki za baiti 27,920, ilijaza treki 1,433 na kuacha nyingine wazi. Kilichokosekana ni neno AVGREC:

SPACE=(80,(1000000,100000),RLSE),AVGREC=U

Hapo namba 80 inakuwa urefu wa rekodi, na mfumo hukokotoa treki kwa kutumia saizi ya bloki iliyoandikwa kwenye JCL au ile uliyoichagua wenyewe. Isipopatikana yoyote kati ya hizo, huchukua baiti 4,096. Bloki za saizi hiyo huingia 12 kwenye treki, kwa hiyo makadirio huwa ya juu kidogo kuliko mahitaji ya kweli, jambo ambalo si baya. Herufi U maana yake ni rekodi moja moja. K huzidisha kwa 1,024, si kwa 1,000, na M huzidisha kwa 1,048,576, kwa hiyo anayeandika 1000 na AVGREC=K ameomba rekodi 1,024,000. Tofauti hiyo ni ndogo. Tofauti ya kusahau neno lenyewe ndiyo inayomaliza diski.

Kuomba kwa bloki bila AVGREC kulikuwa na maana zamani, wakati programu zilipochagua saizi ya bloki zenyewe na mwandishi aliijua kwa kichwa. Leo, ambapo saizi hiyo huachiwa mfumo, sioni sababu ya kukichagua kipimo hiki kwa faili jipya. Ukikikuta kwenye JCL ya zamani, linganisha namba ya kwanza ya SPACE na BLKSIZE ya faili: zikiwa sawa, mwandishi alijua anachofanya, ikiwa namba hiyo ni sawa na LRECL, yaani urefu wa rekodi, mwandishi alisahau AVGREC.

Rekodi basi ndicho kipimo ninachokiweka mbele kwa mafaili ya kawaida yanayotokana na shughuli za kazi, kama vile miamala ya siku, orodha za wateja na faili za kupeleka kwingine. Anayejua shughuli anajua idadi ya rekodi, wala hahitaji kujua umbile la diski. Na hifadhi ikibadilishwa, ombi lake linabaki kuwa sahihi. Pia, kama ilivyo kwa treki, nafasi hutengwa na kurudishwa kwa mpaka wa treki, isipokuwa mtu akiongeza ROUND, ambayo huilazimisha ifuate silinda.

Kiasi cha nyongeza, yaani namba ya pili kwenye mabano ya ndani, ambacho hutolewa kila nafasi iliyopo inapojaa, kinastahili umakini sawa na kiasi cha kwanza, kwa kuwa ndicho kinachoamua kazi itaanguka au haitaanguka. Faili la kawaida la mfululizo haliwezi kuwa na vipande zaidi ya 16 kwa volyumu moja. Namba hiyo ina asili yake: maelezo ya faili kwenye orodha ya volyumu, VTOC, yana nafasi ya vipande 3 katika ingizo la kwanza na vipande 13 katika ingizo la ziada. Kwa ombi la SPACE=(CYL,(10,5)) mtu husema faili litafika silinda 85, yaani 10 na nyongeza 15 za silinda 5. Lakini mfumo unaruhusiwa kukitimiza kiasi cha kwanza kwa vipande hadi 5, na kwenye volyumu iliyochanikachanika kipande kile kimoja cha silinda 10 huenda hakipo. Kikitimizwa kwa vipande 5, zimebaki nafasi 11 tu, na faili hugota kwenye silinda 65. Nyongeza nazo zikigawanywa vivyo hivyo, hugota mapema zaidi. Ndiyo maana kazi iliyopita jana bila shida huanguka leo kwa kosa la B37, la kukosa nafasi, na data ikiwa ile ile. D37 husema jambo jingine, kwamba kiasi cha nyongeza hakikuombwa kabisa, na E37 mara nyingi huikuta maktaba ya PDS ambayo imejaa mabaki ya wanachama waliofutwa na inahitaji kubanwa kwa programu ya IEBCOPY kabla ya mtu kufikiria kuiongezea nafasi.

Kwa faili linalokua kupita kiasi cha vipande 16, uchaguzi si wa kipimo tena bali wa aina ya faili. Faili la kawaida la mfululizo lina mpaka mwingine wa treki 65,535 kwa volyumu, ambazo ni silinda 4,369; DSNTYPE=LARGE huondoa mpaka huo lakini vipande hubaki 16. Faili la muundo uliopanuliwa huruhusu vipande 123 kwa volyumu, na maktaba ya PDSE, mrithi wa PDS, vile vile. Muundo uliopanuliwa una mtego mmoja mdogo: mfumo huongeza baiti 32 mwishoni mwa kila bloki, na programu hazizioni. Aliyeandika BLKSIZE=27998 kwa mkono, ambayo ndiyo saizi kubwa kabisa ya bloki zinazoingia mbili kwenye treki, atakuta sasa inaingia moja tu na faili limehitaji nafasi maradufu. Bloki zetu za 27,920 zinapona, maana hata na baiti 32 hazifiki 27,998.

Kuhusu kurudisha ziada, njia mbili hushindana. RLSE kwenye JCL hurudisha nafasi isiyotumika pale faili linapofungwa baada ya kuandikwa, na faida yake ni kwamba nafasi hupatikana papo hapo kwa kazi inayofuata usiku huo huo. Lakini haifanyi kitu kazi ikianguka, wala pale kazi nyingine inapolishiriki faili hilo, na ndiyo maana mstari wetu wenye RLSE bado unaweza kuacha treki 12,821 zikining'inia. Njia ya pili ni kuiachia klasi ya usimamizi, ambapo programu ya DFSMShsm hupita wakati wa usafi wake wa kila siku na kukata ziada. Hii haimtegemei mwandishi wa JCL kukumbuka, ila hufika kwa kuchelewa. Kwa mafaili yanayoandikwa mara moja na kusomwa tu, RLSE ni sahihi. Kwa faili linaloongezewa kila siku kwa DISP=MOD, RLSE ni kosa, kwa sababu kila siku kiasi cha kwanza hukatwa na kila siku ukuaji huanza na nyongeza mpya, na vipande 16 huisha ndani ya muda mfupi.

Kuna nyakati ambapo JCL ni safi na bado namba hazilingani. Hapo mkono wa SMS, sehemu ya z/OS inayosimamia hifadhi kwa klasi, ndio wa kutazamwa. Klasi ya data yenye ruhusa ya kupunguza nafasi kwa asilimia fulani huufanya mfumo utoe kidogo kuliko kilichoombwa badala ya kuiangusha kazi. Klasi ya hifadhi yenye nafasi iliyohakikishwa hutenga kiasi cha kwanza kwenye kila volyumu iliyoombwa, hivyo faili la volyumu tatu huonekana na nafasi mara tatu. Kupunguziwa hivi hupendwa na wasimamizi na kuchukiwa na waandishi wa programu, na wote wana haki. LISTCAT huonyesha klasi zilizowekwa kwenye faili linalosimamiwa na SMS, na ni ukaguzi wa dakika moja ambao ungepaswa kufanywa kabla ya kumwandikia mtu barua ya malalamiko.

VSAM inajitenga na haya yote katika jambo moja, kwamba kipimo huamua pia utendaji. Eneo la udhibiti, yaani fungu la nafasi ambalo VSAM huligawa na kulikuza kwa pamoja, la faili la KSDS (faili la VSAM linalopangwa kwa ufunguo) hufuata kile kilicho kidogo kati ya kiasi cha kwanza na cha nyongeza, bila kuzidi silinda moja. Anayeandika TRACKS(100 3) akidhani anabana matumizi amejipatia maeneo ya treki 3, yenye kugawanyika mara kwa mara na faharasa iliyovimba, ilhali CYLINDERS(7 1) humpa maeneo ya treki 15 kwa nafasi inayokaribiana. Kwa KSDS yenye ukubwa wowote wa maana, basi, omba kwa silinda, hata kama mafaili yako mengine yote unayaomba kwa rekodi.

Tukirudi kwenye faili letu la kazi ya usiku, nafasi iliyoshikiliwa haihitaji kazi irudiwe. Kwenye ISPF 3.4 andika herufi F mbele ya jina la faili, na ziada hurudishwa: treki 12,821 zinakuwa 1,433, na safu ya asilimia inasomeka 100. Kisha fungua JCL uongeze AVGREC=U leo leo, kwa sababu kazi hiyo inaanza tena usiku.